Mwenye kalenda ndiye mwenye mashindano

Jumapili ya Mei 20, 2007, Rafael Nadal aliingia uwanja wa Rothenbaum mjini Hamburg akiwa ameshinda mechi 81 za tenisi mfululizo kwenye viwanja vya udongo. Tangu Aprili 2005 hakuna aliyemweza juu ya vumbi lile jekundu. Akachukua seti ya kwanza 6-2, na ya 82 ikawa inanukia. Hapo Roger Federer akageuka mtu mwingine: 6-2, kisha 6-0. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumshinda Nadal kwenye udongo, na taji lake la nne Hamburg. Mwaka uliofuata wakakutana tena palepale, fainali, na Nadal akalipiza kisasi kwa seti tatu. Halafu basi. Kuanzia 2009 mashindano hayo yalihamishwa kutoka Mei kwenda Julai, yakatolewa katika daraja la Masters na kuwekwa katika daraja la pointi 500, na wachezaji wa aina ile wakawa wageni wa nadra. Uwanja ulibaki uleule, mji uleule, udongo uleule. Kilichoondoka ni wiki moja ya mwezi wa Mei, na nadai kwamba hiyo wiki ndiyo ilikuwa mali yenyewe. Historia, heshima na majina yaliyochongwa kwenye kombe havikuwa na nguvu ya kuyalinda mashindano ambayo hayakumiliki tarehe yake.

Na historia ilikuwepo, tena si haba. Mashindano ya Hamburg yalianza mwaka 1892, mwaka uleule ambao kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 katika mji huo wa bandari. Ni mashindano yaliyochelewa mwaka mmoja tu nyuma ya yale ya Ufaransa, ambayo leo tunayaita Roland Garros, na kwa jambo moja Wajerumani waliwatangulia Wafaransa: walifungulia mlango wachezaji wa nje kabla karne ya 19 haijaisha, wakati Paris ilisubiri hadi 1925. Kwa miaka michache yalihamia Bad Homburg, yakarudi. Vita kuu mbili ziliyasimamisha, yakarudi tena. Gottfried von Cramm aliyashinda mara nne mfululizo kuanzia 1932 hadi 1935. Utawala wa Nazi ukamfunga mwaka 1938, baada ya yeye kukataa kuwa tarumbeta ya propaganda yao. Vita vilipokwisha, akiwa na umri unaokaribia miaka 40, alirudi Hamburg akashinda tena, 1948 na 1949. Mtu anayetaka kujua karne ya 20 ya Ujerumani ilivyokwenda anaweza kuisoma nusu yake katika orodha ya mabingwa wa Rothenbaum, ikiwemo miaka isiyokuwa na bingwa.

Kuna pia ukurasa mweusi. Aprili 30, 1993, katika mashindano ya wanawake yaliyochezwa kwenye uwanja huohuo, Monica Seles alikuwa amekaa kwenye kiti chake wakati wa mapumziko ya mechi ya robo fainali dhidi ya Magdalena Maleeva, pale mtu aliyekuwa anamshabikia mpinzani wake, Steffi Graf, alipomchoma kisu mgongoni. Mahakama ya Ujerumani ilimpa mshambuliaji kifungo cha nje cha miaka miwili, na Seles hakucheza tena Ujerumani. Wiki hiyo ilitosha kubadilisha ulinzi wa wachezaji dunia nzima: ukiona leo walinzi wamesimama nyuma ya kiti cha mchezaji huku wakiwatazama watazamaji, chanzo chake ni hapo. Nalitaja tukio hili kwa sababu wapo wanaodhani Hamburg iliporomoka kwa aibu ile. Si kweli. Mashindano ya wanaume ya mwaka huohuo yalifanyika kama kawaida, Michael Stich akawa Mjerumani wa kwanza kuyashinda tangu Wilhelm Bungert mwaka 1964, na yakaendelea kuwa katika daraja la juu kwa miaka 15 zaidi.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kuangalia jinsi tenisi ya kulipwa inavyogawana mwaka. Yapo mashindano manne makubwa kabisa, Grand Slam, ambayo hayako chini ya ATP, chama kinachoendesha mashindano ya wanaume na ambacho nusu yake ni wachezaji na nusu ni waandaaji. Chini ya hayo manne yanafuata Masters 1000, ambayo jina lake linatokana na pointi anazopata bingwa, kisha 500, kisha 250. Pointi ndizo zinazopanga viwango vya ubora, na viwango ndivyo vinavyoamua nani aingie wapi. Mchezaji wa juu hana hiari sana: Masters 1000 karibu zote ni za lazima kwake. Kwa hiyo ATP ikiyapa mashindano daraja na wiki, imeyapa wachezaji, ikiviondoa, imewaondoa. Mwandaaji anaweza kujenga paa linalofungwa na kufunguliwa, kama walivyofanya Hamburg, akaongeza zawadi, akapamba hoteli, lakini hana namna ya kumleta mchezaji namba moja katika wiki ambayo mwili wa mchezaji huyo unahitajika kwingine.

Suala la mwili ni la kweli, hasa kwa udongo. Kinachoitwa udongo ni matofali yaliyosagwa na kutandazwa safu nyembamba juu ya kokoto na mawe ya chokaa. Mpira ukitua hapo unapungua kasi na kuruka juu, mchezaji hakimbii na kusimama bali anateleza kuufikia, na kila mpira unaacha alama yake chini. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya mwamuzi kushuka kwenye kiti chake kirefu, kuinama na kuikagua alama hiyo, huku mchezaji akiwa amesimama pembeni akionyesha kwa raketi na kubishana kuhusu milimita (tangu 2025 ATP imeipa mashine kazi hiyo, na mimi naona burudani imepungua). Kuteleza huko kunahitaji mazoea ya misuli na viatu vya soli yake. Ndiyo maana msimu wa udongo wa Ulaya umekaa pamoja, Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, ukiishia Roland Garros. Baada ya hapo ni nyasi hadi Wimbledon, kisha viwanja vigumu vya Amerika Kaskazini hadi US Open. Mashindano ya udongo mwezi Julai yanamtaka mchezaji arudi nyuma wiki moja kwenye kuteleza, halafu avuke bahari kwenda kwenye saruji ambako akiteleza vibaya anavunjika kifundo. Wengi hawataki, na mtu hawezi kuwalaumu.

Hapo ndipo ATP ilipoipeleka Hamburg. Mpango ulitangazwa mwaka 2007 chini ya Etienne de Villiers, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya Disney kabla ya kuingia kwenye tenisi. Madrid, iliyokuwa ikicheza ndani ya ukumbi mwezi Oktoba, ingehamia kwenye udongo wa nje mwezi Mei. Nafasi ya Oktoba ingekwenda Shanghai. Na Hamburg ingeshuka. Shirikisho la Tenisi la Ujerumani lilikwenda mahakamani Marekani, katika jimbo la Delaware ambako ATP imesajiliwa, likidai kuwa sheria za kuzuia ukiritimba zimevunjwa. Mshirika wake katika kesi alikuwa Shirikisho la Tenisi la Qatar, lililokuwa na sehemu ya umiliki wa mashindano hayo. Msomaji wa Ghuba atatabasamu hapa, maana waliodhaniwa kuwa ndio wanaonunua michezo kwa fedha walikuwa upande wa kulinda mashindano ya zaidi ya miaka 100. Agosti 2008 jopo la raia waliosikiliza kesi liliipa ATP ushindi. Rufaa ilitupwa mwaka 2010, majaji wakisema walalamikaji hawakuthibitisha hata soko gani hasa ndilo lililohodhiwa.

Kesi hiyo ina mkia ambao wapenzi wengi wa tenisi hawaujui, na kwangu mimi ndio ushahidi mzito kuliko yote. Mwaka 2006, kabla hata mpango wa kuishusha Hamburg haujatangazwa, ATP ilikuwa imeingiza katika kanuni zake za ndani kipengele kisemacho kwamba mwanachama atakayeishitaki na kushindwa atalipa gharama za kesi. Baada ya kushinda, ikapeleka bili: zaidi ya dola milioni 17. Wajerumani wakagoma, suala likafika Mahakama Kuu ya Delaware, na Mei 2014 mahakama hiyo ikasema kanuni ya namna hiyo inaweza kuwa halali. Kampuni kubwa za Marekani zikaona mwanya wa kuwatisha wanahisa wao wasiende mahakamani, kelele zikapigwa, na mwaka 2015 bunge la Delaware likalazimika kupitisha sheria ya kukataza vipengele hivyo katika kampuni za hisa. Yaani ugomvi wa wiki moja ya tenisi ulibadilisha sheria ya makampuni katika jimbo ambako kampuni nyingi kubwa za Marekani zimesajiliwa. Lakini ATP si kampuni ya hisa. Mwandaaji wa mashindano anayeambiwa leo kwamba wiki yake inachukuliwa anajua kuwa kulalamika mahakamani kunaweza kumgharimu kuliko wiki yenyewe.

Tuangalie basi Julai ilifanya nini. Kuna mabingwa wazuri katika orodha ya baada ya 2009, sitaki kuwavunjia heshima: Nikolay Davydenko, Gilles Simon, Juan Mónaco. Andrey Golubev alipata hapo taji lake la kwanza mwaka 2010, na Leonardo Mayer akapata lake la kwanza mwaka 2014. Lakini angalia majina makubwa yalikuja lini. Federer alikuja Julai 2013 baada ya kutolewa Wimbledon raundi ya pili, akiwa na raketi mpya anayoijaribu, akashindwa na Federico Delbonis katika nusu fainali. Nadal alikuja 2015, mwaka ambao mambo yalikuwa yamemwendea kombo, akashinda. Wakubwa walikuja Hamburg walipokuwa wagonjwa, kutafuta dawa. Kisha ikaja 2020. Korona ilivuruga kalenda, Roland Garros ikasogezwa hadi mwisho wa Septemba, na Hamburg ikajikuta imetupwa kwenye wiki iliyotangulia Paris. Ghafla Daniil Medvedev na Stefanos Tsitsipas wakawemo, na Andrey Rublev akamshinda Tsitsipas fainali. Hakuna aliyekuwa ameongeza historia ya mashindano katika miezi ile. Tarehe tu ndiyo iliyobadilika. Nakiri kwamba mwaka 2022, mwezi Julai, Carlos Alcaraz alikuja akiwa tayari katika kumi bora na akafika fainali, akashindwa na Lorenzo Musetti. Alikuwa na miaka 19 na bado ana njaa ya udongo. Waliokuwa juu yake kwenye viwango hawakuja.

Wapo watakaosema Hamburg ilikuwa imeshakufa kabla haijashushwa. Hoja hii ina uzito. Mwezi Mei kaskazini mwa Ujerumani ni baridi na mvua, na wachezaji walianza kujitoa. Mfano mbaya kabisa ni 2006: Nadal na Federer walicheza fainali ya Rome kwa zaidi ya saa tano, kesho yake wote wawili wakajitoa Hamburg, na Tommy Robredo akachukua taji. Mwenye mashindano ambaye wachezaji wawili bora duniani wanamkimbia kwa siku moja hawezi kusema ana afya njema. Lakini tujiulize ni nani aliyeiweka Hamburg siku moja baada ya Rome. Fainali za seti tano ziliondolewa kwenye Masters mwaka uliofuata kwa sababu ya uchovu wa aina hiyo, na tazama kilichotokea: mwaka 2007 na 2008, fainali zikiwa fupi, Nadal na Federer wakawemo Hamburg hadi siku ya mwisho, mara zote mbili. Ugonjwa ulitoka kwenye ratiba, dawa ikatoka kwenye ratiba. Mgonjwa alipoanza kupona ndipo akatolewa kitandani.

Hoja ya pili ni kwamba mchezo wowote lazima ukue, na Madrid na Shanghai zilileta watazamaji, fedha, na kwa upande wa Madrid nafasi ya wanaume na wanawake kucheza pamoja katika viwanja vipya vya Caja Mágica. Nakubali sehemu kubwa. Asia ilistahili Masters, na kuwaweka wanawake katika jukwaa moja na wanaume ni jambo ambalo tenisi inafanya vizuri kuliko michezo mingi. Ninachokataa ni kwamba Madrid ilikuwa bora zaidi kama daraja la kuelekea Paris. Iko juu kiasi cha mita 650, hewa ni nyepesi, mpira unapaa. Hamburg ni mji wa bandari wenye hewa nzito, mpira unapoa, na mtu aliyeshinda pale alikuwa amejengeka kwa kazi ya Roland Garros. Halafu kuna kioja cha 2012, pale mmiliki wa Madrid, Ion Țiriac, alipotandaza udongo wa rangi ya bluu ili mpira uonekane vizuri kwenye televisheni. Uwanja ukawa unateleza kama umemwagiwa sabuni. Nadal akatolewa na Fernando Verdasco, Novak Djokovic akatolewa na Janko Tipsarević, na Nadal na Djokovic wote wawili wakatangaza kwamba rangi hiyo ikirudi wao hawarudi. ATP ikaupiga marufuku mwaka uleule. Kwa hiyo uwezo wa kumdhibiti mwandaaji upo, na hutumika haraka. Madrid iliambiwa irekebishe kosa na ikabaki na wiki yake.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: kama historia haina nguvu, mbona Monte Carlo iko hai? Nayo, iliyoanza 1897, ilikuwa kwenye orodha ya kushushwa, nayo ikashitaki mwaka 2007. Lakini Monte Carlo haikufika kwenye hukumu. Ilimalizana na ATP nje ya mahakama mwaka huohuo, ikabaki Masters 1000 kwa sharti kwamba isiwe ya lazima kwa wachezaji. Ilikuwa na silaha ambayo Hamburg haikuwa nayo: wachezaji wengi wa juu wanaishi Monaco kwa sababu za kodi, wanatembea kwa miguu hadi uwanjani, na waliitetea waziwazi. Na iko katikati ya Aprili, mwanzo wa msimu, wakati miguu bado ina nguvu na kila mtu anautaka udongo. Hata bila ulazima, watu bado wanakuja, kwa sababu wiki yenyewe ni nzuri. Roland Garros nayo inalindwa na kitu tofauti kabisa na umri. Shirikisho la Ufaransa linamiliki mashindano na linamiliki tarehe. Mwaka 2020 lilijisogeza lenyewe hadi Septemba bila kumwomba mtu ruhusa, wengine wote wakalazimika kujipanga upya. Hamburg, pacha wake kwa umri, ilikuwa mpangaji.

Wapangaji wengine wameelewa somo na kuchagua kuukana udongo kabisa. Acapulco iliuacha mwaka 2014 ikaenda viwanja vigumu. Stuttgart, iliyokuwa jirani wa Hamburg katika Julai, ilifukua udongo wake na kupanda nyasi kuanzia 2015, ili ipate wiki ya Juni kabla ya Wimbledon. Ilikuwa biashara nzuri. Hamburg ilikataa kubadili sakafu, ikasubiri. Mwaka 2023 Alexander Zverev, aliyezaliwa mjini humo, akawa Mjerumani wa kwanza kulichukua taji tangu Stich miaka 30 nyuma, na mwaka 2025 mashindano yakarudishwa Mei. Shangwe, lakini Mei ipi? Madrid na Rome zimetanuka, kila moja inakula karibu wiki mbili, kwa hiyo Hamburg ilipewa wiki ya mwisho kabla ya Roland Garros, ile ambayo wakubwa wengi hupumzika na kufanya mazoezi Paris. Arthur Fils alimshinda Zverev katika fainali ya 2024, iliyochezwa bado Julai. Mwaka 2025 Zverev alitolewa mapema na Flavio Cobolli akatwaa kombe. Ni afadhali kuliko Julai. Bado ni makombo ya mezani.

Swali hili halijapita na wakati. Oktoba 2025 ATP ilitangaza Masters 1000 ya kumi, itakayochezwa Saudi Arabia, huenda kuanzia 2028. Mwaka una wiki 52 na hauna mpango wa kuongeza. Mashindano hayo lazima yakae juu ya wiki ya mtu, na macho mengi yako Februari, mwezi ambao Buenos Aires na Rio de Janeiro huchezwa kwenye udongo. Sisemi Saudi Arabia isipewe. Nasema kabla ya kupewa, ATP iandike kwenye karatasi na kuiweka hadharani: mashindano yanayopoteza wiki yake yatapimwa kwa vigezo gani, nani katika bodi hatapiga kura kwa sababu ana maslahi, wiki mbadala itachaguliwaje ili isiwe Julai nyingine, na aliyepokonywa atafidiwa kiasi gani na anayeingia. Kile kipengele cha kumtoza gharama anayekwenda mahakamani kiondolewe. Waandaaji wa Buenos Aires na Rio wana haki ya kuyadai haya sasa, kwa maandishi, wakati bado wana wiki mkononi ya kujadiliana nayo.